Maoni na Ushahidi: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika chama cha msingi. Humo wanachama huchagua viongozi, hupokea hesabu, hupitisha makisio ya mwaka na, ikilazimu, humwondoa kiongozi madarakani. Kazi zote hizo hufanywa kwa maneno. Mwanachama husimama, husema, huketi. Kisha mikono huinuliwa na jambo limekwisha. Hivyo basi, mwanachama asiyeweza kutofautisha neno lenye uthibitisho na neno tupu ni sawa na mpimaji asiyejua kusoma mizani. Atapokea gunia la pumba kwa bei ya gunia la mahindi.

Madhumuni ya somo hili ni matatu. Kwanza, kuonyesha misemo ya kawaida ambayo, isikikapo mkutanoni, huashiria kwamba msemaji anatoa maoni wala si ushahidi. Pili, kueleza swali linalofaa kuulizwa kwa kila msemo. Tatu, kumwonyesha katibu jinsi ya kuyaandika maneno hayo katika muhtasari bila ya kuyageuza.

TOFAUTI YENYEWE

Maoni ni hukumu ya mtu juu ya jambo. Ushahidi ni kitu ambacho mtu mwingine, hata kama hamwamini msemaji, anaweza kukikagua mwenyewe na kukiona. Tofauti iko hapo tu.

Mwanachama akisema, "Mizani yetu ni mbovu," ametoa maoni. Huenda ni ya kweli, huenda si ya kweli. Lakini akisema, "Jiwe la kilo 20 liliwekwa juu ya mizani jana asubuhi mbele ya watu watatu, na mizani ikasoma kilo 20 na robo," ametoa ushahidi. Asiyeamini na aende ghalani, aliweke jiwe, asome.

Yafaa ieleweke kwamba maoni si kosa. Chama hakiwezi kuendeshwa bila maoni. Iwapo chama kinunue trekta au kijenge ghala, hapo wanachama hawana budi kutoa maoni yao, maana daftari halitawaambia wapende nini. Kosa ni kuyavisha maoni joho la ushahidi, na kuyatumia kumhukumu mtu au kutumia fedha za chama.

MISEMO INAYOPASWA KUSIKILIZWA KWA MAKINI

1. "Kila mtu anajua." Msemo huu huja pale ambapo msemaji hana mtu mmoja wa kumtaja. Angekuwa naye, angemtaja. Aidha msemo huu humtisha msikilizaji: asiyejua anajiona yuko peke yake, basi hunyamaza. Swali linalofaa: "Ndugu, nani mmoja kati ya hao aliyeona kwa macho yake, naye aliona nini?"

2. "Inasemekana," "inaeleweka," "yajulikana." Lugha ya Kiswahili inazo njia nyepesi za kumficha mtenda. Vitenzi vya namna hii husimama bila mwenyewe: jambo linasemekana, lakini hakuna asemaye. Neno "eti" nalo hufanya kazi jirani na hiyo. Mtu husema, "Eti katibu amejenga nyumba kwa fedha za pamba," naye akibanwa hujibu kwamba yeye aliyasikia tu. Swali linalofaa: "Anayesema ni nani, naye alijuaje?"

3. "Ni wazi," "bila shaka," "mtu yeyote mwenye akili timamu ataona." Jambo lililo wazi kweli halihitaji kutangazwa kuwa ni wazi. Mizani isomapo kilo 60, hakuna asemaye, "Ni wazi kabisa kwamba ni kilo 60." Husema, "Ni kilo 60." Maneno haya huongezwa mahali ambapo uthibitisho ni mwembamba. Huo wa mwisho ni mbaya zaidi, kwa sababu humtukana mpinzani kabla hajafungua kinywa. Swali linalofaa: "Tafadhali tuonyeshe hatua kwa hatua jinsi ulivyofikia hapo."

4. "Wanachama wengi wanalalamika." Wengi ni wangapi? Chama kina rejista ya wanachama yenye namba. Wanane kati ya 400 ni watu wa kusikilizwa, lakini hawaitwi wengi. Swali linalofaa: "Ni wangapi, wanatoka vijiji gani, na malalamiko yao yaliandikwa wapi?"

5. "Wataalamu wamesema," "agizo limetoka juu." Mtaalamu ana jina, kazi yake na siku aliyosema. Agizo la kweli huja kwa waraka wenye namba, tarehe na sahihi, nao huwekwa katika jalada la chama. Vyama vingi vimewahi kukata makato yasiyokuwa na idhini ya mkutano kwa sababu tu mtu fulani alisema kwamba ni agizo. Swali linalofaa: "Waraka huo ni namba ngapi, na uko katika jalada gani?"

6. "Tangu zamani ndivyo tulivyofanya," "kwa uzoefu wangu." Uzoefu unastahili heshima, na mzee aliyelima kahawa miaka 40 asipuuzwe. Lakini uzoefu ni ushahidi wa yale tu ambayo mtu ameyaona. Mzee anaweza kushuhudia kwamba mvua za vuli zilipochelewa, maua ya mibuni yalikuwa haba. Hawezi kwa uzoefu huohuo kushuhudia kwamba mtunza hazina ameiba, kama hakuiona hazina. Swali linalofaa: "Mzee wetu, katika hayo, ni yapi uliyoyaona mwenyewe na ni yapi unayoyadhani?"

7. "Hesabu ziko sawa, msiwe na wasiwasi," "tuaminiane, sisi ni ndugu." Msemo huu ni wa viongozi. Wanachama wasidhani kwamba maneno matupu hutoka katika viti vya nyuma tu. Kiongozi anayewaambia wanachama waamini, badala ya kuwasomea jedwali la mapato na matumizi, naye ametoa maoni juu ya kazi yake mwenyewe. Swali linalofaa: "Tunaomba hesabu zisomwe, na taarifa ya mkaguzi wa nje iwekwe mezani."

8. Methali. Hakuna silaha kali mkutanoni kuliko methali iliyotumiwa mahali pake, na hakuna hatari zaidi kuliko methali iliyotumiwa badala ya uthibitisho. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Watu wangapi wamevuliwa uongozi kwa methali hiyo moja! Ikiwa kila lisemwalo lipo, basi hakuna haja ya daftari, mkaguzi wala mahakama. Mwenye ulimi mrefu atakuwa ndiye hakimu. Ajabu ni kwamba wahenga haohao walisema pia, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hupamba hoja, haiithibitishi.

MFANO WA KUFUNDISHIA: KILO 240 ZILIZOPOTEA

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo, lakini mambo ya namna hii hutokea kila msimu.

Chama kimoja cha msingi kilipokea kahawa ya maganda kutoka kwa wanachama wake. Jumla ya daftari la mapokezi ilikuwa kilo 18,225. Kiwanda cha kukoboa kiliandika kuwa kimepokea kilo 17,985. Upungufu ni kilo 240. Habari ilipofika vijijini, mkutano wa dharura ukaitishwa.

Mwanachama wa kwanza akasema, "Kila mtu anajua katibu anauza kahawa usiku." Wa pili akasema, "Inasemekana lori lilionekana." Wa tatu akasema, "Ni wazi, maana kilo haziwezi kuota miguu." Mzee mmoja akamalizia kwa methali iliyotajwa hapo juu. Ukumbi ukapiga makofi, na hoja ya kumfukuza katibu ikawa tayari kupigiwa kura.

Msomaji na ahesabu: hadi hapo wamesema watu wanne, na ushahidi uliotolewa ni mmoja tu, yaani tofauti ya tarakimu mbili zilizoandikwa. Mengine yote ni maoni. Tofauti hiyo inathibitisha kwamba kuna upungufu. Haithibitishi nani ameuleta, wala kama kuna mtu ameuleta.

Mwenyekiti akaahirisha kura kwa siku tatu, na wanachama watano wakateuliwa kukagua. Walifanya mambo manne. Walijumlisha upya stakabadhi zote za wakulima na kuzilinganisha na daftari, zikapatana. Walilinganisha hati za kusafirishia mzigo na idadi ya magunia yaliyopokelewa kiwandani, zikapatana. Walimtafuta aliyeliona lori. Kila aliyeulizwa alimtaja mwingine, na hatimaye hakupatikana mwenye macho. Mwisho wakaipima mizani kwa mawe yaliyothibitishwa. Kilo 20 zilisoma 20.25, kilo 40 zikasoma 40.5, na kilo 60 zikasoma 60.75.

Mizani ilikuwa inazidisha robo kilo katika kila kilo 20. Ikiwa ndivyo, kahawa iliyoandikwa kilo 18,225 kwa kweli ilikuwa kilo 18,000. Kilo 225 hazikuibwa, kwa sababu hazikuwapo kamwe. Zilikuwa katika stakabadhi za wanachama wenyewe. Ikiwa chama kililipa shilingi 4,000 kwa kilo, basi chama kimewalipa wanachama wake shilingi 900,000 kwa kahawa ambayo haikuletwa, na hasara hiyo ni ya chama kizima.

Hata hivyo wakaguzi hawakuishia hapo, wala hawakusema "ni wazi katibu hana kosa." Waliandika mambo mawili zaidi. La kwanza, hesabu ya kilo 225 ni sahihi endapo tu kasoro ya mizani ilikuwapo tangu mwanzo wa msimu. Kwa hiyo yapasa kutazama muhuri wa Wakala wa Vipimo ili kujua mizani ilikaguliwa mwisho lini. La pili, hata baada ya kuondoa kilo 225, kilo 15 zimebaki bila maelezo. Huenda zilipungua kwa kukauka ghalani, huenda gunia lilitoboka, huenda ziliibwa. Hakuna ushahidi wa lolote kati ya hayo matatu. Ziliandikwa hivi: "Kilo 15 hazijapata maelezo."

Sentensi hiyo fupi ina thamani kuliko makofi yote ya mkutano wa kwanza. Katibu hakutakaswa kwa maneno, wala hakuhukumiwa kwa maneno. Na lililo kubwa zaidi, chama kilitambua mizani yake. Kama katibu angefukuzwa siku ile, mizani ileile ingeendelea kuzidisha robo kilo mbele ya katibu mpya, na msimu uliofuata naye angeitwa mwizi.

FUNZO KUTOKA HISTORIA YA USHIRIKA

Wanaushirika wa nchi hii wana sababu ya pekee ya kuchukia maoni yaliyovikwa joho la ushahidi, kwa kuwa ushirika wa kahawa ulizaliwa katikati ya mabishano ya namna hiyo.

Katika miaka ya 1920, Wachaga wa Kilimanjaro walipokuwa wakizidi kupanda mibuni katika vihamba vyao, walowezi wa Kizungu walilalamika kwa serikali ya kikoloni. Hoja zao zilikuwa kwamba Mwafrika hataweza kuitunza kahawa ipasavyo, kwamba mashamba yake yatakuwa kiota cha wadudu na magonjwa yatakayoenea kwa jirani, na kwamba wizi wa kahawa utaongezeka. Mambo hayo yalisemwa kana kwamba yanajulikana na kila mtu. Nyuma yake kulikuwa na jambo jingine lisilosemwa kwa sauti hiyohiyo: mkulima mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuwa kibarua katika shamba la mlowezi.

Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, kilichojulikana kwa kifupi kama KNPA. Pamoja na kutetea haki ya kulima na kuuza, chama hicho kilishughulika na vita dhidi ya wadudu waharibifu wa mibuni. Hilo lilikuwa jibu la vitendo. Kama shamba lina wadudu au halina, hilo huamuliwa kwa kulikagua shamba, wala si kwa kumtazama mwenye shamba rangi yake. Sheria ya vyama vya ushirika ilipopitishwa mwaka 1932, njia ilifunguliwa, na mwaka 1933 Chama Kikuu cha KNCU kikaandikishwa. Katika nchi jirani ya Kenya, ambako sauti ya walowezi ilikuwa na nguvu zaidi, Waafrika walizuiwa kwa jumla kulima kahawa mpaka miaka ya 1930. Hoja zilikuwa zilezile. Hapo ndipo inapoonekana gharama ya maoni yanayopokelewa kama ushahidi: si aibu ya mtu mmoja tu, bali riziki ya watu wa nchi nzima kwa muda wa miaka mingi.

KAZI YA KATIBU KATIKA MUHTASARI

Muhtasari ndio kumbukumbu ya chama. Baada ya miaka kumi, sauti zilizosema zitakuwa zimenyamaza, nao muhtasari utakuwa bado unasema. Kwa hiyo katibu na azingatie yafuatayo.

Aandike nani alisema, asiandike "ilionekana kwamba." Badala ya "Ilionekana kwamba mpimaji si mwaminifu," aandike, "Mwanachama namba fulani alitoa maoni kwamba mpimaji si mwaminifu. Alipoulizwa kama ana uthibitisho, alijibu kwamba ameyasikia sokoni."

Atenganishe maoni na vielelezo. Kila kilichowekwa mezani, iwe stakabadhi, waraka, leja au taarifa ya mkaguzi, kiandikwe kwa namba na tarehe yake.

Asiongeze nguvu ya maneno. Msemaji aliyesema "nadhani" asiandikwe "alithibitisha." Kitenzi kimoja kilichobadilishwa na katibu chaweza kumpeleka mtu mahakamani.

Aandike pia lisilojulikana. Azimio lisemalo "jambo hili halijapata maelezo, lichunguzwe, taarifa iletwe tarehe fulani" ni azimio kamili.

TAHADHARI

Somo hili laweza kutumiwa vibaya, na yapasa hatari hiyo itajwe waziwazi.

Kiongozi mjanja akishajifunza neno "ushahidi," aweza kuligeuza kuwa rungu la kuwanyamazisha wanyonge. Mama mjane anasimama na kusema kwamba alileta kilo 82 akaandikiwa 72. Kiongozi anamjibu, "Mama, leta ushahidi." Naye hana, kwa sababu mpimaji hakumpa stakabadhi. Hapo kosa si la mama. Kazi ya kutoa stakabadhi ni ya chama, na asiyetimiza wajibu wa kuandika hawezi kumdai mwenzake maandishi. Kanuni iwe hii: anayetunza daftari ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kulionyesha.

Zaidi ya hayo, maneno ya mama huyo si uvumi. Aliona mizani kwa macho yake. Huyo ni shahidi. Amesema nini aliona, lini, na mbele ya nani. Maneno yake yaweza kukaguliwa kwa kuwauliza waliokuwa kwenye foleni pamoja naye na kwa kutazama maandishi ya wengine wa siku ileile. Kumwita mama huyo mtu wa maoni ni dhuluma.

Hata uvumi wenyewe usitupwe ovyo. Uvumi unaorudiwarudiwa ni sababu ya kutosha ya kuanza uchunguzi. Si sababu ya kutosha ya kuumaliza. Wanachama wanayo haki ya kuomba vitabu vikaguliwe. Lipo Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Mrajis anayo mamlaka ya kuamuru uchunguzi wa mambo ya chama. Njia hizo zipo ili mnong'ono wa sokoni ufikishwe mahali utakapopimwa.

Hatimaye, na iulizwe kwa adabu. Anayeuliza "ulijuaje?" asiulize kwa kejeli, hasa kwa mkubwa wake. "Mzee wangu, naomba utusaidie tupate kuelewa" ni swali lilelile, lakini halimvunjii mtu heshima. Chama ni cha majirani. Baada ya mkutano watu watakutana kisimani, msibani na harusini.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Chukueni muhtasari wa mkutano mkuu uliopita wa chama chenu. Hesabuni maneno kama "ilionekana," "inasemekana" na "wanachama wengi." Je, ni mangapi yana jina au kielelezo nyuma yake?

2. Katika mfano wa kilo 240, mkutano ungefanyaje iwapo mizani ingekutwa sahihi? Je, hilo pekee lingethibitisha kwamba katibu ni mwizi? Tajeni hatua tatu ambazo zingefuata.

3. Mizani ya chama chenu ilikaguliwa mwisho lini na Wakala wa Vipimo? Jibu lisitolewe kwa kukumbuka. Nendeni mkautazame muhuri.

4. Mwenyekiti anasema, "Tukinunua lori, chama hakika kitapata faida." Tengeni katika kauli hiyo lililo maoni, kisha andikeni tarakimu ambazo mngetaka kuziona kabla ya kupiga kura.

5. Mwanachama hana stakabadhi kwa sababu hakupewa. Elezeni chama kifanye nini ili malalamiko yake yapate kupimwa kwa haki.